FITC haishiki kwenye kingamwili: anza kuangalia bafa

Mkuu, umesema umefuata maelekezo yote ya kuunganisha FITC, ile rangi inayong'aa kijani kwenye hadubini, na kingamwili yako iliyokuja kwenye bafa (kimiminika cha kutunza pH) ya Tris, tyubu ina rangi nzuri, lakini kwenye hadubini ni giza tupu. Shida yako ni hiyo Tris. Nami nilipoteza miligramu 2 za kingamwili hivyohivyo, na iliniuma sana.

FITC haiijui protini. Inachotafuta ni amini, yaani vikundi vyenye nitrojeni, kama zile za lisini, mojawapo ya asidi amino za protini, na Tris nayo ni amini. Piga hesabu: kingamwili ya miligramu 2 kwa mililita ni takriban maikromola 13. Tris ikiwa milimola 50, kila kingamwili 1 imezungukwa na Tris zaidi ya 3,000. Rangi yote itaishia huko. Siku ile nilipopitisha mchanganyiko kwenye safu ya Sephadex G-25, chembe za kuchuja molekuli kwa ukubwa, nilitegemea mikanda miwili ya njano: wa protini utangulie, maana molekuli kubwa haziingii kwenye vitundu vya chembe za safu, kisha rangi iliyobaki ifuate. Ukashuka mmoja tu, ule wa nyuma. Matone ya mbele, yenye kingamwili yangu, yalitoka kama maji.

Kwa hiyo hamisha kingamwili kutoka kwenye Tris kwanza. Itie kwenye mfuko wa dayalisisi, unaopitisha molekuli ndogo tu, ndani ya sodiamu kaboneti ya mola 0.1, pH 9, ilale kwenye friji, ubadilishe bafa mara mbili tatu. Azidi ya kuzuia bakteria nayo itoke. FITC iyeyushe siku hiyohiyo kwenye kiyeyushi cha DMSO kisicho na maji, tyubu ukiifunga foili.

Halafu usije ukamimina rangi nyingi kwa hofu. Mimi mara ya pili nilifanya hivyo, nikapata tyubu ya kupendeza, uwiano rangi 11 kwa kingamwili 1, na picha hafifu kuliko nilivyotarajia, kila mahali pamechafuka. Rangi zikisongamana zinazimana mwanga, na kingamwili iliyofunikwa lisini zake hupoteza mshiko.

Ndiyo maana lazima upime. Soma unyonyaji wa mwanga kwenye nanomita 280 na 495. Toa asilimia 30 ya namba ya 495 kutoka ya 280, kwa sababu rangi nayo inanyonya pale, kisha gawa kwa 210,000 upate mola za IgG, yaani kingamwili yako. Ile ya 495 gawa kwa 68,000 upate mola za rangi, kisha gawa za rangi kwa za kingamwili. Mfano 0.9 na 0.8 zinakupa rangi 3.7 kwa kila kingamwili, safi kabisa. Mimi nalenga 3 hadi 6.

Jambo moja linalosahaulika: fluoresini, yaani rangi yenyewe iliyo ndani ya FITC, hufifia kwenye asidi. Wenzetu wa kifua kikuu husafisha slaidi za auramini, rangi yao ing'aayo, kwa asidi bila shida, ila hii haivumilii. Gliseroli ya kufunikia slaidi iwe pH 8.5 hivi.

Ukishapima, weka hapa namba zako mbili tuzipige hesabu.