Kiatu, vesti na mkataba: maswali yenu kuhusu teknolojia ya michezo

Mara hii tumepokea maswali kutoka kwa wanaokimbia, wanaofundisha, wanaotafiti na wanaotengeneza. Wote wanauliza jambo moja kwa njia tofauti: kilichopimwa maabara kinafikaje uwanjani bila kupoteza ukweli wake njiani?

Nasikia viatu vyenye bamba la kaboni vinakupa asilimia 4. Marathoni namaliza kwa saa 2 na dakika 30. Je, nitapunguza dakika 6? (Mkimbiaji, Arusha)

Hapana, ndugu yetu. Asilimia 4 ni ya nishati, si ya muda. Namba hiyo ilitoka Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, mwaka 2017. Wouter Hoogkamer, Rodger Kram na wenzao waliwapima wakimbiaji 18 kwenye mashine ya kukimbilia, kwa kasi ya kilomita 14, 16 na 18 kwa saa, dakika 5 kila kipande, huku hewa wanayovuta na kutoa ikipimwa. Sampuli ya Nike iliyokuja kuitwa Vaporfly ililinganishwa na viatu viwili vya mashindano vya wakati ule, kimoja cha Adidas na kingine cha Nike yenyewe. Viatu vilivyokuwa vyepesi viliongezwa vipande vya madini ya risasi hadi vyote vikalingana uzito, ili mtu asije akasema ni wepesi tu uliofanya kazi. Kwa wastani nishati iliyotumika ilipungua kwa asilimia 4.

Barabarani kuna upepo ambao kwenye mashine haupo. Ukiongeza kasi, upinzani wa hewa hupanda haraka kuliko kasi yenyewe, kwa hiyo sehemu ya nishati uliyookoa inaliwa na hewa. Isitoshe, wastani si wewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 uliwapima Wakenya 7 wa kiwango cha dunia wakiwa na viatu vya kisasa na kiatu cha kawaida cha mashindano: kuna aliyepata faida ya karibu asilimia 11, na kuna aliyepata hasara ya kiasi hichohicho. Usinunue kwa sababu ya jina la aliyekivaa.

Jambo moja tungependa ulishike. Utafiti ule wa Colorado ulilipiwa na Nike, na baadhi ya waandishi walikuwa wafanyakazi wake. Waliliandika hilo wazi, wakaeleza mbinu zao hatua kwa hatua, na maabara nyingine zikarudia kipimo. Nazo zilikuta faida, ingawa si zote zilifika 4. Fedha ya kiwanda haiharibu utafiti. Kinachouharibu ni kuificha fedha hiyo, au kuificha mbinu.

Nina karakana ya viatu Nairobi. Nataka kuagiza mabamba ya kaboni niyaweke kwenye soli zangu za EVA (povu la kawaida la viatu). Nianze na unene gani? (Fundi)

Usianze na bamba, fundi. Anza na povu la soli ya kati. Katika vipimo vya Colorado soli zilibanwa kwa mashine kwa nguvu ya takriban niutoni 2,000, kwa muda unaokaribia ule ambao mguu hukaa chini. Povu la sampuli mpya, la jamii ya PEBA (plastiki nyepesi inayodunda), lilirudisha asilimia 87 ya nishati iliyoingia. Kiatu cha Adidas kilirudisha karibu 76, na kile kingine cha Nike karibu 66. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo.

Mwaka 2022 Healey na Hoogkamer walichukua Vaporfly, wakalikata bamba lake kwa msumeno mahali sita ili lisiwe na ugumu tena, kisha wakawapima wakimbiaji upya. Tofauti haikufika hata asilimia 1. Bamba lina kazi yake, hasa kulituliza povu laini na refu lisiyumbe, lakini ukilipachika kwenye EVA ngumu utapata kiatu kigumu cha bei ghali.

Tafuta kwanza vibao vya povu la PEBA, ukate vipande vya unene mmoja, uvilinganishe na EVA yako kwa kuvibana na kuviachia. Kama huna mashine, angusha gololi ya chuma kutoka mita 1 juu ya kila kipande, ukipige video ya mwendo wa taratibu, upime inaruka kimo gani. Si kipimo cha kupeleka kwa mteja, ila kitakuonyesha povu lipi halifai kabla hujalinunua kwa wingi. Gundi itakusumbua: ile ya soli ya kawaida haishiki vizuri kwenye PEBA bila kusafisha uso wake na kupaka praima (kimiminika cha kuandaa uso kabla ya gundi) inayofaa. Jaribu kuvuta soli kwa koleo baada ya saa 24, kisha tena baada ya kuiacha juani siku nzima.

Kampuni imetuletea sampuli tuipime. Tuna mashine ya kukimbilia na kipima gesi, chuo kipo nyanda za juu. Tufanyeje ili wahandisi wao wayaamini majibu yetu? (Mwanafunzi wa uzamili, Eldoret)

Swali hili ndilo tunalolipenda kuliko yote, kwa sababu kazi nyingi nzuri hufia hapa.

Anza na vifaa. Kiwashe kipima gesi, yaani kile kinachopima hewa anayopumua mkimbiaji, angalau nusu saa kabla. Kisawazishe kwa gesi ya mtungi yenye oksijeni ya karibu asilimia 16 na kaboni dioksaidi ya 4 au 5, halafu pima ujazo kwa bomba la sindano la lita 3, mara kadhaa, taratibu na haraka. Angalia shinikizo la hewa lililowekwa kwenye programu. Kwenye mwinuko wa mita 2,400 shinikizo ni takriban milimita 570 za zebaki, wakati usawa wa bahari ni 760. Programu ikiachwa kwenye 760, ujazo wote utazidi kwa karibu theluthi moja. Asilimia kati ya kiatu na kiatu haitabadilika, lakini mhandisi akiona mkimbiaji wa kawaida anatumia oksijeni isiyowezekana kibinadamu, ataifunga ripoti yako hapohapo, na atakuwa na haki.

Kasi ya mashine nayo usiiamini kwa kuisoma kwenye kioo. Bandika utepe mweupe kwenye mkanda, pima urefu wa mkanda kwa futi ya kamba, hesabu mizunguko kwa dakika moja mtu akiwa juu yake anakimbia. Mkanda mtupu hudanganya, maana mguu ukitua huupunguzia kasi kidogo.

Pima kila kiatu kwa mzani wa jikoni. Gramu 100 zaidi kwa kila kiatu hupandisha gharama ya nishati kwa takriban asilimia 1, kwa hiyo tofauti ya gramu 60 inatosha kuzaa "ugunduzi" usiokuwepo. Ama ulinganishe uzito, ama uuandike ili msomaji ajue.

Sasa mkimbiaji. Chagua kasi ambayo anaweza kusema sentensi fupi bila kuhema. Uwiano wa kaboni dioksaidi anayotoa kwa oksijeni anayotumia ubaki chini ya 1, la sivyo hesabu ya nishati haisimami. Huko juu kasi hiyo itakuwa ndogo kuliko ile ya pwani, msiione aibu. Dakika 5 za kukimbia, chukua wastani wa dakika 2 za mwisho, dakika 5 za kupumzika. Kiatu kimoja kiite A na kingine B: mpangilio uwe A, B, B, A, na nusu ya wakimbiaji waanze na B. Joto la mwili na uchovu hupanda kadiri muda unavyokwenda. Mpangilio wa A kisha B peke yake humbebesha B mzigo usio wake.

Mpangilio huo una faida nyingine ambayo wengi huiacha mezani. Una A mbili za mtu yuleyule, siku ileile. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo kelele ya maabara yako, yaani kiasi ambacho vipimo huyumba vyenyewe. Ikiwa A ya kwanza na A ya mwisho zinapishana kwa asilimia 2, huwezi kusimama mbele ya kampuni ukadai faida ya asilimia 1 kwa mtu mmoja. Waambie kelele yenu kabla ya kuwaambia faida yao. Sentensi hiyo moja hujenga imani kuliko kurasa 40 za majedwali.

Anayekokotoa asijue A ni ipi na B ni ipi: mwenzake avipe viatu namba, na orodha yake aifungie kwenye bahasha. Na vile viatu vikae chumba kimoja usiku kucha, maana povu la baridi na la moto si povu moja.

Nililipia utafiti chuoni. Baada ya miaka 2 nikakabidhiwa tasnifu ya kurasa 90 na hakuna kitu cha kupeleka kiwandani. Nilikosea wapi? (Mwenye kiwanda, Mwanza)

Mlianza bila kukubaliana mwisho uko wapi. NASA, shirika la anga la Marekani, wana ngazi 9 za kupima utayari wa teknolojia, na viwanda vingi duniani vimeziazima. Chuo kwa kawaida huishia ya 3 au ya 4: wazo limethibitika maabara. Wewe unaitaka ya 7 au ya 8: kitu kilichojaribiwa katika matumizi halisi. Katikati pale pana bonde lisilo na mwenyewe, kwa sababu kutengeneza jozi 20 na kuwapa wakimbiaji 20 wazichoshe kwa kilomita 300 si tasnifu wala si biashara. Lazima mtu alilipie, na liandikwe nani.

Wakati ujao andika ukurasa mmoja kabla ya mkataba mrefu: swali moja linalojibika kwa ndiyo au hapana, kiwango cha kufaulu kwa namba, na kitu cha mkononi utakachopewa kila baada ya miezi 3. Gawa malipo mafungu matatu, na fungu la mwisho lilipwe ukishapokea data ghafi na maelezo ya mbinu, si ripoti peke yake. Tenga pia muda wa vibali. Hapo Tanzania kuna COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na palipo na vipimo vya afya za watu kuna NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba). Kenya kuna NACOSTI, tume ya sayansi ya huko. Miezi hiyo ikisahaulika, msimu wa mashindano unapita mkiwa bado mnasubiri barua.

Na utavumilia kifungu kimoja: chuo kiruhusiwe kuchapisha hata matokeo usiyoyapenda. Dai siku 60 au 90 za kusoma andiko kwanza, uone kama kuna kitu cha kukilinda. Zaidi ya hapo, ukiwafunga mdomo, hata matokeo mazuri hayatakuwa na wa kuyaamini.

Nitangulize lipi, mkutano wa kisayansi au hataza (haki ya kulinda uvumbuzi)? (Mtafiti, Morogoro)

Hataza. Ulaya ukishaonyesha uvumbuzi wako hadharani, hata kwa bango ukutani, upya wake umekwisha. Marekani hukupa miezi 12 baada ya kuutangaza mwenyewe, lakini usijenge mipango juu ya hisani ya nchi moja. Wasilisha maombi BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania, au ARIPO, shirika la hakimiliki la Afrika kule Harare, kwa nchi kadhaa kwa pamoja, kisha nenda mkutanoni siku inayofuata ukiwa na amani.

Timu yetu imepewa vesti za GPS za bei nafuu, za kupima umbali anaokimbia mchezaji. Nitajuaje kama namba zake ni za kweli? (Kocha, Mombasa)

Mwalimu, ukiwa na futi ya kamba na koni utajua kwa asubuhi moja. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una mzunguko wa mita 346. Mvalishe mchezaji mmoja vifaa viwili kwa pamoja, atembee mizunguko 3 akifuata mstari: inatakiwa isome karibu mita 1,038. Halafu muweke akimbie mita 10 kwenda na kurudi mara 10, kwa nguvu. Hapo ndipo vifaa dhaifu huumbuka, kwa sababu hukata kona na kupunguza umbali. Kinachosoma mahali mara 10 kwa sekunde hufanya vizuri kuliko cha mara 1 au 5.

Viwashe nje, mahali palipo wazi, dakika 15 kabla ya mazoezi ili vishike setilaiti. Chini ya paa la jukwaa usiviamini. Kila mchezaji abaki na kifaa chake msimu mzima, kwani viwili vya kiwanda kimoja vinaweza kupishana. Vesti ikilegea, kihisi hurukaruka na kuhesabu mishtuko isiyokuwepo. Na usikubali programu isasishwe katikati ya msimu: hesabu za ndani zikibadilika, wiki hii na wiki iliyopita hazilinganishiki tena.

FIFA ina mpango wa ubora unaopima vifaa vya namna hii. Tafuta jina la kifaa chako humo kabla hujapanga mazoezi ya kijana anayerudi kutoka majeruhi kwa namba zake.

Kitu kikifaulu maabara, kinaweza bado kukataliwa? (Mwanafunzi wa uhandisi, Dar es Salaam)

Kinaweza, na hutokea kwa vitu vizuri kabisa. Nguo ya kuogelea ya Speedo, LZR Racer, ilipimwa kwa msaada wa NASA, ikatawala Olimpiki ya Beijing 2008, na kuanzia Januari 2010 nguo za aina hiyo zikapigwa marufuku.

Kwa viatu, World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, inaruhusu soli ya hadi milimita 40 barabarani na bamba gumu moja tu. Kwenye mbio za uwanjani, tangu Novemba 2024, ni milimita 20. Mwaka 2021 Derara Hurisa wa Ethiopia alikata utepe wa kwanza Vienna Marathon, akaondolewa muda mfupi baadaye kwa sababu soli yake ilikuwa ya milimita 50, na ushindi ukaenda kwa Leonard Langat wa Kenya. Kiatu hakikuwa na kasoro yoyote. Kilizidi tu unene unaoruhusiwa na kanuni.

Kwa hiyo soma kanuni kabla ya kuchora. Unene hupimwa sehemu mbili: kisigino kwenye asilimia 12 ya urefu wa ndani wa kiatu, na mbele kwenye asilimia 75. Weka alama hapo, kata sampuli moja katikati kwa msumeno, pima kwa kalipa. Lenga milimita 38, si 40, kwa sababu kalibu ya povu haitoi jozi mbili zinazofanana kabisa, na msimamizi wa mashindano atapima ile jozi iliyotoka nene.