Takwimu zimeegemea, au wadadisi wana chuki?

Swali: Ndugu mtaalamu, salaam. Nasimamia wadadisi 12 katika utafiti wa kipato cha kaya kwenye vijiji vya kando ya Ziwa Victoria. Mfadhili ameturudishia ripoti akisema takwimu zetu "zina upendeleo dhidi ya wavuvi". Nilipowasomea wadadisi barua hiyo wakaja juu: "Sisi hatuna chuki na wavuvi, wengine ni shemeji zetu!" Kwani upendeleo na chuki si kitu kimoja? Na mfadhili nimjibu nini?
Msimamizi, Mwanza

Jibu: Wadadisi wako wana haki ya kukasirika, na huenda mfadhili naye yuko sahihi. Kinachowagombanisha ni neno.

Katika Kiswahili cha kila siku, upendeleo una mtu ndani yake. Ukisema mwalimu ana upendeleo, umeshamshitaki: yupo mtoto anayemtaka, na anajua anachokifanya. Kwenye takwimu neno hilohilo halimtafuti mtu. Linasema tu kwamba majibu yanakosea, na yanakosea kuelekea upande uleule kila mara. Chukua mizani ya muuza dagaa ambayo mshale wake hauanzii kwenye sifuri, kila anapopima inapungua gramu 50. Mwenyewe anaweza kuwa mcha Mungu wa kweli, na mizani ikampunja hata dada yake aliyekuja kununua. Mimi siku hizi nasema "mwegemeo". Halijazoeleka sana, lakini halimtukani mtu.

Tena usidhani mwegemeo unaondoka kwa kuhoji watu wengi zaidi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 na kutabiri kwamba Alf Landon angekuwa rais. Franklin Roosevelt akashinda majimbo 46 kati ya 48. Majina ya watu walioulizwa yalitoka kwa wingi kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati uchumi umeanguka na maskini hana simu wala gari. Jarida halikuhitaji kuwachukia maskini ili likosee namna hiyo.

Chuki waliyoikana wadadisi wako ni jambo jingine. Naiita dhana mbaya, kwa sababu si lazima iwe na hasira. Wapo wanaoibeba huku wanatabasamu. Ni kumkatia mtu hukumu kwa kundi lake kabla hujamjua, na ukishamjua, hukumu haibadiliki. Mwanasaikolojia Gordon Allport, aliyeandika juu ya jambo hili mwaka 1954, alikazia hapo hapo: kukosea kumdhania mtu hutupata sote, ila inakuwa dhana mbaya pale ushahidi unapokuja na mtu akakataa kuupokea. Mdadisi anayesema "wavuvi hawana akiba, pesa yote wanainywea", kisha akakutana na mvuvi mwenye nyumba ya bati na watoto sekondari akasema "huyo ni mmoja tu", ndiye ninayemsema.

Na ubaguzi ni kitu cha tatu. Huo ni kitendo. Mwaka 1934 mwanasosholojia Richard LaPiere alichapisha habari za safari zake Marekani akiwa na mume na mke Wachina. Katika hoteli na migahawa 251 walikataliwa mara moja tu. Baadaye akaziandikia sehemu hizo kuuliza kama zinapokea Wachina, na zaidi ya 9 katika kila 10 zilizojibu zikasema hapana. Wenye hoteli walikuwa na dhana mbaya, lakini wateja walipofika mlangoni wakapewa chumba. Kwa hiyo hata ukimkuta mdadisi mwenye dharau kwa wavuvi, usiharakishe kusema fomu zake ni mbovu. Kama amefuata orodha na kusoma maswali yalivyoandikwa, fomu hizo zinaweza kuwa safi kuliko za mwenzake mwenye moyo mweupe anayeruka nyumba zilizofungwa.

Hapo kwenye nyumba zilizofungwa ndipo ningeanzia. Robert Chambers, aliyewachambua watafiti wa vijijini miaka ya 1980, alionyesha jinsi wanavyofuata barabara ya lami, wanavyokwenda kiangazi, na wanavyoongea na wanaume. Kwenu ziwani kuna jingine: dagaa huvuliwa usiku, kwa taa, mwezi usipoonekana. Mdadisi akibisha hodi saa tatu asubuhi katika siku hizo zisizo na mwezi, mvuvi amelala au yuko kambini kisiwani. Akiruhusiwa kuchukua kaya ya jirani badala yake, jirani aliyepo nyumbani saa hizo ni mwenye duka au mkulima. Rudia hilo mara 200, wavuvi wametoweka kwenye takwimu bila mtu yeyote kuwachukia.

Sasa utajuaje ni kipi? Pangilia fomu kwa jina la mdadisi. Angalia kila mmoja amebadilisha kaya ngapi, na kipato cha wavuvi aliowahoji kikoje ukilinganisha na cha wenzake kijiji kilekile. Wote 12 wakiegemea upande mmoja, tuhumu kwanza utaratibu wako, yaani saa za kutembelea, kanuni ya kubadilisha kaya, na swali lenyewe. ("Mshahara wako kwa mwezi ni kiasi gani?" halina maana kwa mtu anayelipwa kwa mgawo wa samaki.) Akiegemea mmoja au wawili, kaa nao uwasikilize. Njia hii ina tundu: wote 12 wakiwa wametoka mjini na dhana moja, wataegemea pamoja, na utaona kama kosa la utaratibu. Kwa hiyo rekebisha utaratibu, tuma tena watu kwenye sehemu ya kaya zilizorukwa, kisha linganisha. Pengo likifungika, basi. Lisipofungika, na ukiuliza sababu ukajibiwa "hao ndivyo walivyo", hapo umepata dhana mbaya, na kubadilisha saa za kutembelea hakutaiponya. Mtoe mtu huyo kwenye vijiji hivyo.

Kuna wakati mwegemeo huzaa dhana mbaya, na hili linanisumbua zaidi. Ripoti ikitoka bila wavuvi, atakayeisoma ataona kijiji kinaishi kwa kilimo na duka, na mradi ujao utakwenda huko. Mvuvi akikosa mkopo mara tatu ataacha kuja mikutanoni. Kisha utasikia ofisini kwamba wavuvi hawajali maendeleo.

Mfadhili mwandikie hivi: umepokea hoja, unaichunguza kama mwegemeo wa sampuli, yaani wa kaya zilizochaguliwa kuhojiwa, na si kama tuhuma kwa watumishi, na utarudia kaya zilizorukwa wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa nyumbani. Ongeza kwamba utauliza kipato cha mwezi mzima uliopita na si cha wiki ile, maana mbalamwezi ndiyo siku mfuko wa mvuvi umekauka, na usipoangalia utakuwa umeondoa mwegemeo mmoja na kuleta mwingine.