Kwa maafisa uvuvi wapya: kabla hamjaomba boti, tafuteni kwanza kazi ilipo mwaloni

Wadogo zangu mlioajiriwa karibuni katika halmashauri za kando ya Ziwa Victoria, nimepitia maandiko ya miradi mliyoandaa ili kuwapatia ajira watu maskini wa mialo yetu, yaani fukwe zinakoshushwa samaki, na karibu yote yanaanza mahali pamoja: boti ya faiba, injini, nyavu, na kikundi cha wanufaika. Najua mmeyaandika kwa moyo mwema, na wengi wenu mmetoka vyuo vya uvuvi vya Nyegezi au Mbegani mkiwa mmefundishwa vizuri kuliko sisi tuliowatangulia. Hata hivyo, kosa lililomo ndani yake ni lile lile nililolikuta nilipoanza kazi, nami sina tena uvumilivu wa kuliona likipitishwa, kwa sababu gharama yake haibebwi na afisa aliyeandika bali na mama anayeanika dagaa.

La kwanza: ziwa letu halina upungufu wa mitumbwi. Sangara aliyepandikizwa kati ya miaka ya 1950 na 1960 ndiye aliyevuta viwanda vya minofu hadi Mwanza na Musoma, viwanda vikavuta watu, na tangu hapo kila aliyeshindwa na shamba au kukosa kazi mjini amekuja mwaloni akiamini kwamba majini hakukosi riziki. Maji hayo tunayatumia pamoja na Kenya na Uganda, na ndiyo sababu nchi zetu tatu zilitia saini mkataba wa kuanzisha Taasisi ya Uvuvi ya Ziwa Victoria, LVFO, mwaka 1994. Ukipeleka boti mpya kwenye mwalo ambao tayari wanaletwa sangara wasiofikia sentimita 50 zinazotakiwa na kanuni, hujaongeza kazi yoyote. Umewagawia samaki wale wale watu wengi zaidi, na wa kwanza kupungukiwa ni mwenye kasia na nyavu chache. Kazi nyingi ambazo bado zinaweza kuongezwa ziko nchi kavu: kupokea, kuosha, kuanika, kukaanga, kufungasha, kubeba, kushona nyavu, kutengeneza mitumbwi, kuuza. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linakadiria kwamba katika uvuvi mdogo duniani karibu nusu ya watu wanaofanya kazi baada ya samaki kuvuliwa ni wanawake. Lakini katika maandiko yenu wanawake wanatajwa kwenye ukurasa wa wanufaika tu, na hawaonekani kabisa kwenye bajeti.

La pili ni fupi. Msiitishe mkutano saa nne asubuhi kwenye mwalo wa dagaa. Saa hiyo waliokesha na taa ziwani wamelala, wanawake wako kwenye mchanga wakigeuza dagaa kabla jua halijawa kali, na atakayekuja kuwasikiliza ni tajiri mwenye mitumbwi, kwa kuwa yeye peke yake ana nafasi. Atasema mwalo unahitaji injini, nanyi mtaandika kwamba jamii imeshirikishwa. Nendeni siku za mbalamwezi, ambapo mitumbwi imepandishwa na kila mtu yupo, kisha mzungumze na vibarua peke yao na wanawake peke yao.

La tatu linahitaji nafasi zaidi, kwa sababu andiko lake nililiandika mimi. Ulikuwa mwalo wa kisiwani, wenye wanawake wengi waliokuwa wakinunua dagaa wabichi kwa beseni kutoka kwenye mitumbwi midogo, wakianika juu ya mchanga na kuuza kwa gunia. Walikuwa maskini, lakini walikuwa na kazi, na kazi hiyo ilikuwa na mpangilio wake: kila mama alikuwa na mtumbwi aliozoea kuupokea, na nahodha alimkopesha beseni mbili tatu hadi mzigo uuzwe. Mimi sikuona mpangilio huo. Niliona mchanga na mitumbwi chakavu, nikahitimisha kwamba shida ya watu wale ni kukosa chombo cha kisasa. Tulisajili kikundi cha wanawake na vijana, tukakabidhi boti yenye injini, nyavu na taa, na siku ya makabidhiano palikuwa na hotuba na picha.

Wanakikundi wengi hawakuwahi kuvua usiku, hivyo waliajiri nahodha na vibarua. Mradi ulilipia mafuta ya mwanzo, na yalipokwisha hakuna aliyekuwa na mtaji wa kununua mengine. Ninyi mnaujua mgao wa mwaloni: gharama za safari hutolewa kwanza, kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi, na nyavu na injini zina fungu lake. Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba anayetoa mafuta ndiye mwenye safari, hata kama jina lililoandikwa ubavuni mwa boti ni la kikundi. Mfanyabiashara mmoja mwenye lori alijitolea kukopesha mafuta kwa sharti kwamba dagaa wote wapelekwe kwenye kambi yake kwa bei atakayoipanga yeye, na kikundi kikakubali, kwa sababu njia nyingine ilikuwa kuiacha boti ikauke ufukweni.

Boti yetu ilifika mbali kuliko mitumbwi midogo na kurudi mapema na mzigo mkubwa, ambao ulipita mbele ya wanawake wale na kwenda moja kwa moja kambini. Baadhi ya wenye mitumbwi midogo waliposhindwa kushindana walikwenda kuvua kwa mfanyabiashara yule yule. Beseni zilizokuwa zikikopeshwa zikatoweka. Wanachama wetu wenyewe, ambao majina yao yalikuwa kwenye cheti cha usajili, walikwenda kununua dagaa wa boti yao wakaambiwa mzigo una mwenyewe. Injini ilipoharibika deni liliongezeka, na boti ikahamia mikononi mwa mdai kwa maandishi yaliyosainiwa na viongozi wa kikundi. Katika taarifa yangu ya robo mwaka nilikuwa tayari nimeandika kwamba boti imekabidhiwa na wanufaika wamepata ajira, na hakuna aliyeniuliza zaidi. Niliporudi, mama mmoja aliyekuwa mhazini wa kikundi aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Bwana Samaki, tulikuomba kazi, ukatuletea tajiri." Sikuwa na jibu siku ile, na jibu ninalowapa ninyi leo ni utaratibu: kabla ya kuandika neno "boti", andikeni nani atanunua mafuta katika mwezi wa pili, nani atapokea mzigo, kwa bei iliyokubaliwa vipi, na ni kazi gani iliyopo sasa itakayopotea chombo hicho kikifika.

Hatari ya mnunuzi mmoja si ya kisiwa kile peke yake. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa sababu ya taarifa za watu kuvua kwa sumu, wenye viwanda walikuwa na benki za kuzungumza nazo. Kibarua wa mtumbwi na mbeba matenga hawakuwa na wa kuzungumza naye. Kwa hiyo, kila mradi utaje angalau masoko mawili, na moja kati yake liwe la walaji wa hapa nchini, kwa kuwa dagaa anatakiwa sehemu nyingi na hahitaji barafu wala kibali cha ng'ambo ili kumfikia mlaji huyo.

La nne: vichanja. Miti, nyavu kuukuu na misumari vinatosha kumwinua dagaa kutoka mchangani, na dagaa asiye na mchanga huliwa na watu badala ya kuishia kwenye chakula cha kuku, jambo linaloibadilisha bei bila kumwondoa ziwani samaki hata mmoja wa ziada. Fedha yake mnayo karibu: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imetengwa kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wasaidieni akina mama kuandika maombi hayo kabla ya kutafuta mfadhili wa mbali.

Lakini rejesho la mkopo wa dagaa lifuate mwezi wa angani, na hapa nawasihi mwapiganie wanawake hao hadi maafisa maendeleo ya jamii na watu wa hazina wawaelewe. Mbalamwezi ikiwa kali, mwanga wa taa hauvuti dagaa, mitumbwi inapumzika, na kwa siku kadhaa mwalo mzima hauna kipato. Rejesho la kila tarehe 30 litaangukia mara kwa mara katika siku hizo, na mama atakwenda kukopa kwa tajiri ili alipe mkopo uliokusudiwa kumtoa kwa tajiri. Nimeona vikundi vizuri vikiandikwa kuwa ni wakopaji wabaya kwa sababu hiyo pekee. Pangeni marejesho katika juma la pili la giza, wakati mzigo wa mwanzo umeshauzwa.

La tano ni yale madogo ambayo nayasema kila mwaka. Hakikisheni vibarua na wachuuzi wana viti halisi katika BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, na si wamiliki wa mitumbwi peke yao. Kagueni majaketi ya kuokolea uhai kabla ya kukagua leseni. Someni kanuni za nyavu zinazotumika sasa, kwa sababu zimekuwa zikirekebishwa na ninyi ndio mtakaoulizwa. Vizimba vya sato ni vyema, ila piga hesabu ya chakula cha samaki kwanza, maana ndicho kinachokula sehemu kubwa ya gharama, na kikundi kisichoweza kukinunua kwa miezi yote ya ukuzaji kisiingizwe humo.

La mwisho linahusu taarifa zenu. Acheni kuhesabu vifaa vilivyokabidhiwa. Hesabuni siku ambazo mtu alifanya kazi akalipwa, mkitenganisha mwenye chombo, kibarua na mchakataji, na mrudi kuuliza tena baada ya msimu wa mvua, kwa sababu vuli na masika ndizo zinazoozesha dagaa na kuonyesha nani bado ana kazi. Mwaka wa fedha unaanza Julai, jua likiwa zuri, lakini manunuzi yakichelewa mtajikuta mnajenga vichanja Novemba, mvua ikinyesha. Pelekeni mahitaji yenu kwa kitengo cha manunuzi tangu Aprili, ili miti iwe imefika mwaloni ifikapo mwanzoni mwa Agosti.