Pesa imekatwa, jina halijasajiliwa

SWALI: Ndugu mshauri, nashona gomesi na sare za shule hapa Arua. Shule moja imekubali kunipa kazi ya muhula ujao, ila inataka cheti cha jina la biashara. Nililipa ada kwa simu, pesa ikakatwa, lakini mfumo unasema sijalipa. Kijana wa kafe ya intaneti anasema nilipe upya kupitia kwake. Nifanyeje?
Mama Sare, Arua

JIBU: Mama, usilipe tena, na huyo kijana usimpe hata shilingi. Malipo yako yana namba ya kumbukumbu. Ichukue pamoja na ujumbe wa simu, uende ofisi ya usajili wayalinganishe mbele yako. Inaniuma sana fundi kukosa kazi kwa kosa la mtambo!

Tena, wengi hawajui hili: sheria ya Uganda haimlazimishi anayefanya biashara kwa jina lake halisi, bila nyongeza, kulisajili. Iombe shule iandike mkataba kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako cha taifa. Ukitundika kibao cha "Mama Sare", hapo usajili ni lazima. Leseni ya biashara ya jiji ni jambo jingine, nayo bado unaihitaji.