Mnunuzi anataka GPS ya kila shamba la kahawa

SWALI: Mimi ni katibu wa AMCOS, chama cha ushirika wa mazao, hapa Mbozi. Mnunuzi wetu anasema hachukui kahawa isiyo na vipimo vya GPS vya shamba ilikotoka. Wanachama wanahofia kunyang'anywa ardhi. Tupimeje, na gharama ni ya nani?

JIBU: Ndugu katibu, waelezeni wanachama kwamba kipimo hicho si hati ya ardhi na hakihamishi umiliki. Kinatakiwa na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1115 ya mwaka 2023: kahawa isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020. Wajibu wa kuthibitisha ni wa anayeiingiza kwenye soko la huko, kwa hiyo kumbebesha mkulima gharama si haki. Malizaneni na mnunuzi kwa maandishi kabla ya kupima.

Shamba lisilozidi hekta 4, karibu ekari 10, nukta moja ya GPS inatosha. Linalozidi hapo huzungukwa mpaka wote. Simu janja inafaa. Simama ndani ya shamba mahali pa wazi, subiri usahihi ufike mita 5 au chini yake, kisha hifadhi namba zote mbili, latitudo na longitudo, zikiwa na tarakimu sita baada ya nukta. Makosa mengi huingia wakati wa kunakili. Latitudo ya Mbozi huanza na alama ya kutoa, kama -9.1, ukiiacha, shamba linaangukia Sudan Kusini. Ukipishanisha namba hizo mbili, liko baharini nje ya Moroko. Mwenye vishamba vitatu apimiwe vyote, wala msipime nyumbani kwake.

Kuweni makini na kivuli. Setelaiti inaweza kusoma migrevilea, miti ya kivuli, iliyosongamana juu ya mibuni kuwa msitu. Mkulima akiipunguza, au akikata mibuni mizee ichipue upya, huonekana amefyeka. Pigeni picha zenye tarehe, kabla na baada.

Ghalani, kahawa isiyojulikana shamba haichanganywi na iliyopimwa. Gunia moja la mchuuzi likimwagwa kwenye rundo, shehena nzima inakosa sifa. Kila risiti ibebe namba ya shamba na kilo. Nusu ekari ikileta tani mbili za kahawa ya maganda, basi ya jirani imo humo.

Kila mwanachama asaini ridhaa, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda. Nakala kamili ya vipimo ibaki AMCOS, ili mkipata mnunuzi mwingine msianze kupima upya.