Amplifaya moja kwa metali na sebene: maswali ya wapiga gitaa

Shikamooni wakubwa. Napiga gitaa la solo, naishi Sinza. Bendi yetu ya metali (heavy metal) ni ya watu wanne, lakini Jumamosi nakodiwa na bendi ya dansi na Jumapili nipo kanisani. Uwezo wangu ni amplifaya moja tu. Muuzaji wa Kariakoo ananishauri nichukue yenye geini (ukuzaji unaoikwaruza sauti) kubwa kuliko zote, eti sauti safi nitaipata kwa kupunguza. Nimsikilize?
*Msomaji, Sinza*

Marahaba. Usimsikilize. Geini ndiyo kitu rahisi kuliko vyote. Pedali moja ya distosheni (mkwaruzo wa metali) inakupa ya kutosha na nyingine ikabaki. Vigumu kupatikana ni sauti safi isiyochanika ukikaza sebene, besi inayobana uzi mnene ukikimbia, na spika yenyewe. Nunua hivyo vitatu, geini itakufuata.

Chaneli ya metali haigeuki kuwa safi kwa kushushwa tu. Ndani yake sauti inakuzwa mara tatu au nne mfululizo, na katikati ya hatua hizo fundi aliyeichora amekata besi makusudi ili distosheni isivimbe. Ukishusha geini unabaki na sauti nyembamba, iliyokosa nyama. Mfano mzuri ni Peavey 5150 ya mwaka 1992, ambayo baadaye ilibadilishwa jina ikawa 6505. Ni wati 120, valvu (taa za kioo za kukuza sauti) nne za 6L6, na kwa metali ina heshima yake. Lakini chaneli zake mbili zinatumia besi, midi (sauti za kati) na trebo zile zile, na upande wake safi ni dhaifu. Ukiipangia sauti ya metali, Jumapili kwaya itakuangalia vibaya.

Kwa kazi zako, tafuta amplifaya ambayo chaneli safi ina vitufe vyake yenyewe vya besi, midi na trebo. Kwenye valvu, Marshall JVM410H inatimiza hilo: chaneli nne, kila moja na vitufe vyake, wati 100, valvu za EL34. Mesa Boogie Dual Rectifier ya chaneli tatu nayo ina sauti safi ya kuridhisha, ila besi ya distosheni yake ni legelege. Dawa yake tunaitaja kwenye swali linalofuata. EVH 5150III ya wati 50 ni nyepesi kuliko hizo na inabana vizuri sana, lakini chaneli ya kwanza na ya pili zinagawana vitufe vya toni, kwa hiyo ikague kwa masikio yako kabla ya kutoa hela.

Wati zisikubabaishe. Kutoka 50 kwenda 100 unaongeza desibeli 3 tu, yaani kidogo. Spika yenye unyeti wa desibeli 100 dhidi ya ile ya 97 inakupa tofauti hiyo hiyo bila kuongeza hata wati moja.

Sasa maoni yetu, na wapenzi wa valvu watusamehe. Kama unapanda bajaji na mzigo wako, na nyumba ya jirani iko umbali wa ukuta mmoja, anza na amplifaya ya kidijitali kama Boss Katana ya wati 50 au 100. Ile ya 50 ina uzito wa kilo 12 hivi. Ina swichi ya kushusha nguvu hadi nusu wati, kwa hiyo distosheni inajaa bila mtaa kujua. Ina sauti ya Clean kwa dansi na kanisa, na ya Brown kwa metali. Pia ina tundu la kupeleka sauti kwenye miksa ikiwa tayari imechujwa kama imepita kwenye spika, na kumbi nyingi za hapa ndivyo zinavyotaka. Kumbuka tu kwamba volti zake hazibadilishwi: soma kibandiko cha nyuma, kiseme 230V au 240V.

Dukani nenda na gitaa lako na kebo yako. Anza na chaneli safi, panda hadi sauti ya kumfikia mpiga ngoma, kisha piga kodi (chord) kwa nguvu zako zote. Ikichanika, iache. Halafu chaneli ya metali, geini saa sita: laza kiganja kwenye nyuzi karibu na daraja la gitaa, kimbiza uzi wa sita. Kila pigo lisikike limetengana na mwenzake. Zikishikana kama uji, jaribu kupunguza geini na besi. Zikiendelea kushikana, tatizo ni amplifaya au boksi lake.

Nikiwa chumbani sauti yangu ni nzito, inatisha. Tukiingia mazoezini na bendi, gitaa langu linatoweka kabisa, hata nikiongeza sauti. Nina pikapu za hambaka, tumeshusha uzi wa sita hadi D. Besi nimeweka 8, midi 1, trebo 8, geini 10.
*Dada mpiga rhythm, Tabata*

Dada, namba zako ndizo jibu. Midi ndiyo masafa ya gitaa. Ukiiweka 1 umejitoa mwenyewe kwenye wimbo. Besi ya 8 nayo inagombana na gitaa la besi na ngoma kubwa, na wale wawili watakushinda kila siku. Chumbani hukugundua kwa sababu hapakuwa na wa kugombana naye.

Uzi wa sita ukiwa E unapiga hezi 82, ukiushusha hadi D ni hezi 73. Masafa hayo ya chini yakiingia kwenye distosheni yakiwa mengi, yanakula nafasi yote na kutoa mvumo. Besi ikatwe kabla ya distosheni. Ukiikata baadaye unakuwa umechelewa, maana uchafu umeshatengenezwa.

Hapo ndipo Tube Screamer ya Ibanez, au pedali yoyote iliyoigwa kutoka kwake, inapofanya kazi ambayo wengi hawaielewi. Iweke kati ya gitaa na amplifaya. Kitufe cha drive kizime kabisa, level fungua hadi mwisho, tone weka katikati. Haiongezi distosheni yake. Inapunguza sauti zilizo chini ya hezi 720 hivi, inanyanyua midi, na kuisukuma chaneli ya metali kwa nguvu. Besi inabana papo hapo. Hiyo ndiyo dawa ya Dual Rectifier tuliyoahidi.

Baada ya hapo rudisha vitufe: geini 5, besi 4, midi 6, trebo 5, presensi (ukali wa juu) 5. Peke yako utaona sauti imepungua ukali. Vumilia, usiguse kitu hadi bendi nzima iingie. Ukihitaji kurekebisha, gusa kitufe kimoja kwa wakati, tena mkipiga wimbo. Na kama mko wapiga gitaa wawili, mmoja wenu ashushe geini zaidi ya mwenzake. Geini ya wawili ikijumlishwa inatosha.

Kama uzi wa sita unalegea na kuyumba kwenye noti, amplifaya haina kosa. Nyuzi za 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) zinavumilia D. Ukienda C, panda hadi 11 au 12.

Mjomba ameniletea kichwa cha valvu (amplifaya isiyo na spika) kutoka Marekani. Plagi yake ina pini bapa. Fundi anataka kunikatia plagi aweke ya pini tatu. Nimruhusu?
*Msomaji, Mbagala*

Bado. Plagi si tatizo, volti ndizo tatizo. Kule umeme ni volti 120 na hezi 60, hapa ni 230 na hezi 50. Ukichomeka moja kwa moja, kama una bahati fyuzi itakatika; kama huna, transfoma inaungua.

Angalia nyuma. Vichwa vingine vina swichi au kiteuzi cha volti. Ukikihamisha kwenda 230, badilisha na fyuzi: amperi inakuwa karibu nusu ya ile ya 120, na thamani kamili imeandikwa pale pale. Kama hakuna kiteuzi, nunua transfoma ya kushusha volti. Soma nguvu inayovutwa. Kichwa cha wati 100 huweza kuvuta wati 300 hadi 400 kutoka ukutani, kwa hiyo chukua transfoma ya VA 1000 ili isichemke. Vile vibadilishi vyepesi vya kunyolea au kukaushia nywele havifai hata kidogo.

Kisha tafuta maandishi 50/60Hz. Yakiwepo, uko salama. Ikiwa ni 60Hz peke yake, transfoma ya ndani inabeba usumaku zaidi kwa asilimia 20 ikila umeme wetu, na kwa joto la Dar itachemka hata volti zikiwa sahihi. Hiyo mpe fundi aibadilishie transfoma, au iuze kwa mtu anayerudi huko.

Pini ya tatu, ya ardhi, isiondolewe kwa sababu yoyote. Mpiga gitaa anashika nyuzi huku mdomo uko kwenye maiki. Ardhi ikikosekana, njia ya umeme ni yeye. Umeme ukikatika mkiwa mnapiga, zima swichi, usisubiri urudi wenyewe. Ukirudi, subiri dakika chache, washa, acha valvu zipate moto dakika moja, ndipo utoe standby (swichi ya kusubiri).

Nina kichwa cha wati 120. Kuna spika nne za inchi 12 za muziki wa sherehe, seremala ananitengenezea boksi. Niunge vipi?
*Msomaji, Temeke*

Spika za sherehe zitakuangusha. Zimetengenezwa kusema ukweli, na distosheni haitaki ukweli. Spika ya gitaa huanza kushuka baada ya hezi 5,000 hivi, ndiyo maana mkwaruzo wa juu hausikiki. Spika nyingine itatoa kila kitu, na gitaa lako litalia kama nzi ndani ya kopo. Kosa hilo hilo hutokea mtu anapochomeka pedali ya distosheni moja kwa moja kwenye miksa.

Kwa metali, Celestion Vintage 30 ni chaguo la kawaida: wati 60 kila moja, nne ni 240, kichwa chako kimetulia. Greenback za kampuni hiyo hiyo, za wati 25, ni tamu, ila nne zinabeba 100 tu; kwa kichwa cha 120 utazichana. Hela ikibana, nunua Vintage 30 mbili na boksi la mbili. Zikiwa za omu 16, ziunge sambamba upate omu 8.

Nne za omu 16: unga mbili kwa mfululizo, upate 32, halafu mbili nyingine vivyo hivyo, kisha jozi hizo ziunge sambamba. Jibu ni omu 16. Weka kiteuzi cha kichwa kwenye 16. Chanya zote zielekee upande mmoja. Spika moja ikigeuzwa, besi inatoweka na utalaumu amplifaya. Kupima, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye waya wa boksi kwa sekunde moja: koni zote ziruke nje pamoja.

Mwambie seremala atumie plaiwudi ya milimita 18. MDF huvimba masika ikifika. Mgongo ufungwe kabisa, skrubu kila sentimeta 10 hadi 15, maana ukivuja hewa besi inalegea. Tundu la spika ya inchi 12 huwa karibu sentimeta 28, lakini apime spika iliyopo mkononi kwanza.

Kichwa cha valvu kisiwashwe bila boksi kuchomekwa. Transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo, volti zinapanda ndani yake hadi zinatoboa nyuzi zake. Na kutoka kichwani hadi kwenye boksi tumia waya wa spika, ule mnene wa nyuzi mbili. Kebo ya gitaa ni nyembamba, itapata moto.

Amplifaya yangu ya mtumba inakwaruza, na mara sauti inashuka ghafla halafu inarudi. Fundi anasema valvu zote zimekufa.
*Msomaji, Kigamboni*

Pengine ni kutu. Chumvi ya bahari inapenda sana matundu ya jeki. Chukua kebo fupi, unganisha tundu la send na la return (ya kuchomekea pedali za efekti) nyuma. Sauti ikirudi kamili, kosa ni mgusano mchafu ndani ya tundu la return, na valvu hazihusiki. Nyunyiza dawa ya kusafishia mgusano wa umeme kwenye jeki, ingiza na utoe mara ishirini. Vitufe vinavyokwaruza vipe dawa hiyo hiyo na kuvizungusha mwisho hadi mwisho. Mafuta ya kawaida ya kulainisha yasitumike, yananasa vumbi.

Bado inakwaruza? Gonga kila valvu ndogo taratibu kwa penseli, chaneli ya metali ikiwa wazi. Inayolia kengele kwenye spika ndiyo mbovu, badilisha hiyo peke yake. Valvu kubwa ikionekana bati lake la ndani limeiva nyekundu, zima mara moja. Ndani usifungue mwenyewe hata kama plagi imetolewa. Kapasita hubaki na volti 400 na zaidi, na hilo mwachie fundi anayejua kuziondoa kabla hajaweka mkono.