Gari-nyumba milimani kwa mara ya kwanza: anza na mizani na breki, ramani baadaye

Mkuu, nikikuelewa, unaishi Munich, unataka kukodi gari-nyumba la mita 7 wiki ya kwanza ya Septemba, wewe, shemeji (mwenzi wako) na watoto wawili, mwende Dolomiti, milima ya kaskazini mwa Italia, kwa kupitia Stelvio, njia ya juu ya Alpi. Ninajibu kwa kufuata yale yanayoharibu safari. Mandhari utayaona mwenyewe.

Stelvio iondoe. Iko mita 2,757 juu ya usawa wa bahari, na upande wa kijiji cha Prato una kona 48 za kujikunja nyuma, kwenye barabara iliyochongwa miaka ya 1820 kwa ajili ya magari ya farasi. Gari la mita 7 lina mkia wa karibu mita 2 nyuma ya ekseli. Ukikata kona, mkia unatoka kwenda upande wa pili na kukwangua ukuta au pikipiki iliyosimama. Zaidi ya hayo, Stelvio iko magharibi kabisa, wala si njia ya Dolomiti kwa anayetoka Munich.

Septemba ni chaguo zuri. Shule za Bavaria bado zimefungwa, na ile fujo ya likizo ya Waitalia ya katikati ya Agosti imekwisha. Ila usiku Toblach, mji wa Dolomiti utakakolala, mita 1,240, baridi inaweza kukaribia nyuzi 0, na theluji kwenye njia za juu mwezi huo si kioja.

Sasa uzito. Leseni ya daraja B inaishia kilo 3,500, na magari mengi ya kukodi yamesajiliwa kwa kiwango hichohicho. (Kama bado unatumia leseni ya nyumbani, kumbuka Ujerumani inaitambua kwa miezi 6 tu tangu uhamie.) Kwenye kadi ya usajili ya Kijerumani, herufi G ni uzito wa gari likiwa tayari kwa safari, F.2 ni kikomo. Chukulia G ni 3,020: una kilo 480 za kuchezea. Humo dereva ameshahesabiwa kwa kilo 75, na dizeli pia, lakini maji mara nyingi yamehesabiwa lita 20 tu, hata kama tangi ni la lita 100.

Piga hesabu ya familia yako. Shemeji na watoto, 130. Maji lita 80 zilizobaki, 80. Mtungi wa pili wa gesi wa kilo 11, ukiwa umejaa na chuma chake, 24. Baiskeli nne, 60. Turubai la pembeni kama halikuwemo kwenye G, 30. Meza na viti, 25. Chakula na vinywaji, 50. Nguo na viatu, 50. Vyombo na matandiko, 40. Waya wa umeme, mipira ya maji na kabari, 15. Jumla 504. Umezidi kwa kilo 24, na hujanunua hata tikiti maji njiani.

Baiskeli zina tatizo la pili. Zikikaa kwenye kibebeo mita 2.5 nyuma ya ekseli ya nyuma, na umbali kati ya ekseli mbili ni mita 4, huo ni wenzo: kilo 60 zinaongeza kilo 97.5 kwenye ekseli ya nyuma na kuinua 37.5 kutoka mbele. Fiat Ducato, ambayo ndiyo msingi wa mengi ya magari haya, inavutwa na magurudumu ya mbele. Ukilipunguzia uzito mbele, litateleza kwenye mlima wenye lami iliyolowa na kuchimba shimo kwenye nyasi za kambi. Kisha Italia inataka kibao cha mistari myekundu na myeupe, sentimita 50 kwa 50, nyuma ya mzigo wowote unaochomoza.

Ushauri wangu: acha baiskeli, mkodi hukohuko, na safiri na lita 20 za maji, ujaze ukifika. Umebaki na 364, nafasi ya kilo 116. Mtungi wa pili usiuache, maana vichwa vya mitungi ya Italia havifanani na vya Kijerumani, na ukiishiwa Jumapili jioni hakuna wa kukubadilishia. Halafu, gari likishapakiwa na watu wakiwa ndani, lipite kwenye mizani ya umma. Pima gari zima, kisha ekseli ya nyuma peke yake, ulinganishe na 8.2 kwenye kadi, yaani kikomo cha ekseli hiyo. Polisi wa Austria na Italia wana mizani yao, na ukizidi wanaweza kukuzuia usiendelee mpaka upunguze mzigo.

Vitu vizito weka chini, karibu na ekseli. Upepo wa matairi fuata kibandiko cha gari. Matairi ya Ducato yenye alama ya CP (ya magari-nyumba) mara nyingi huwa bar 5.0 mbele na 5.5 nyuma, kwa hiyo usishtuke ukidhani aliyejaza amekosea.

Kuteremka ndiko kunakoogopesha watu, na kwa haki. Aliyepita mteremko wa Kitonga, Iringa, nyuma ya lori linalonuka breki anaijua harufu hiyo. Gari la tani 3.5 likishuka mita 1,000 kwa kukanyaga pedali mfululizo, joto lote linaingia kwenye diski na pedi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa: DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, iliyolowa yaweza kuchemka karibu na 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inazama mpaka chini bila breki kushika. Kwa hiyo muulize mwenye gari mafuta hayo yalibadilishwa lini. Zaidi ya miaka 2, omba gari jingine.

Kanuni ni ileile: shuka kwa gia ambayo ungepandia, mara nyingi ya 2 au ya 3. Kwenye otomatiki, ihamishe kwenye gia za mkono kabla mteremko haujaanza. Injini ikipiga mizunguko 3,000 hadi 3,500 haiumii, inafanya kazi yake. Mwendo ukizidi, kanyaga kwa nguvu sekunde chache mpaka ushuke kilomita 10 hivi, kisha achia kabisa breki zipumue. Kukanyaga kidogokidogo muda wote ndiko kunakochoma. Ukianza kusikia harufu, tafuta sehemu tambarare uendeshe polepole bila breki, upepo upoze. Usimwage maji kwenye diski, usivute hendibreki zikiwa za moto. Likisimama, weka gia na kabari.

Kwenye kona ya kujikunja, ingia kwa upana, chelewa kukata, na tazama kioo cha nyuma upande wa nje. Ukiona msururu umejipanga nyuma yako, ingia kwenye kituo cha pembeni uwapishe. Basi la abiria likija kwenye kona mpishe mapema, dereva wake anaijua barabara kuliko wewe.

Andika kwenye karatasi juu ya usukani: urefu mita 7, upana 2.30 bila vioo (karibu 2.70 navyo), kimo mita 3 au chochote kilichoandikwa kwenye kadi. Ramani ya kawaida ya simu haijui kimo chako. Tumia programu inayokubali vipimo vya gari, kwa sababu bima nyingi za kukodi hazilipi paa lililogonga daraja wala tumbo la gari. Soma kipengele hicho kabla ya kulipa dhamana.

Njia ninayokupendekezea ni duara. Siku ya kwanza kampuni nyingi hukabidhi gari saa 8 hadi saa 10 alasiri, na makabidhiano yenyewe yanakula saa nzima na zaidi. Usithubutu kwenda Brenner, njia ya mpakani mwa Austria na Italia, jioni hiyo. Lala kando ya ziwa Chiemsee, chini ya kilomita 100, na ujaribu kila kitu: hita, friji, pampu, jiko, choo, kitanda cha kuteremshwa. Kikiwa kibovu, asubuhi uko karibu na mwenye gari.

Siku ya pili toka kabla ya saa 1 asubuhi. Bonde la Inn, Innsbruck, kisha barabara kuu ya A13 hadi Brenner, mita 1,370 hivi. Hapa watu huchanganya: vinyeti (stika au kibali cha kidijitali cha tozo) vya barabara kuu za Austria havilipii A13. Ile ina tozo yake, takriban euro 12, na daraja la Lueg linajengwa upya, ndiyo maana nasema toka mapema. Vinyeti vya kidijitali vinafungwa kwenye namba ya gari, hivyo iombe namba kwa kampuni siku kadhaa kabla, au uulize kama gari tayari linavyo. Siku hizi kuna vya siku 1, na kwa duara hili vinatosha. Haya yote ni kwa gari lisilozidi tani 3.5, likizidi, ni kisanduku cha kielektroniki na hesabu nyingine kabisa. Italia unachukua tiketi unapoingia barabara kuu ya A22 na kulipa unapotoka. Epuka mistari ya njano ya wenye kifaa cha Telepass, cha kulipa tozo bila kusimama. Toka Brixen, Bonde la Pusteria, fuata barabara ya 49 hadi Toblach. Panga safari ya muda wa saa 5 pamoja na chakula. Kwenye barabara za milimani hesabu kilomita 40 kwa saa, hata simu ikikuahidi 60.

Toblach kaa usiku tatu au nne bila kuhamahama. Hili wageni hawalipendi, wanataka kulala mahali papya kila siku, lakini kupanga na kupangua gari kila asubuhi kunameza saa nzima. Kodi baiskeli ushuke na watoto hadi Lienz, upande wa Austria, karibu njia yote ni mteremko, mrudi kwa treni. Ziwa Braies nendeni kwa basi: kiangazi, mpaka ndani ya Septemba, mchana bonde hilo haliingiliki kwa gari bila nafasi iliyohifadhiwa. Ukitaka kuonja njia ya juu, pitia Cimabanche, mita 1,530, ni laini kabisa, hadi Cortina, kisha Falzarego, zaidi ya mita 2,100, barabara pana yenye pa kupishania.

Kurudi pita Lienz, handaki la Felbertauern (lina tozo yake), Mittersill, Kitzbühel na Kufstein. Kipande cha barabara kuu ya A12 kati ya Kufstein-Süd na mpaka hakihitaji vinyeti. Pasi na kadi za ukaazi za wote wanne ziwe mbele, si chini ya godoro. Polisi wa Ujerumani hukagua mpakani Kiefersfelden.

Kulala pembeni ya barabara tu? Tirol, jimbo la Austria unalopitia, imekataza kupiga kambi nje ya maeneo ya kambi. Italia, ibara ya 185 ya sheria ya barabara inakuruhusu kuegesha mradi gari linagusa ardhi kwa matairi tu, halimwagi kitu, na halichukui nafasi zaidi ya mwili wake. Maana yake kabari, ngazi ya nje au turubai vinakugeuza kutoka aliyeegesha kuwa aliyepiga kambi. Kwa safari ya kwanza na watoto, lipia kambi yenye umeme.

Mambo ya ndani yanayoshangaza watu. Kwanza, maji kukauka usiku bila bomba kupasuka: hita nyingi za Truma (kampuni maarufu ya hita za magari-nyumba) zina vali ya baridi inayojifungua yenyewe joto likishuka karibu nyuzi 3, ikimwaga maji ya moto yote nje. Washa hita kwanza, ngoja chumba kipate joto, ndipo ufunge vali na kujaza maji. Pili, gesi: butani haigeuki hewa kwenye nyuzi 0, propani huendelea mpaka karibu -42, basi mtungi uwe wa propani. Tatu, friji ya gesi ikisimama mshazari haigandishi, na kuanzia mita 1,000 hivi inaweza kugoma kuwaka. Sawazisha gari kwa kabari, kambini tumia umeme. Ukiingia kituo cha mafuta, zima gesi kwenye mtungi wenyewe. Betri ya ndani ya Ah 95 ya aina ya AGM ihesabu kama Ah 50, ukitaka iishi.

Na jikoni: maji huchemka pungufu ya nyuzi 1 hivi kwa kila mita 300, kwa hiyo mita 2,000 yanachemka kwenye 93. Ugali utaiva, wali utaiva kwa kuvumilia, maharage yatakumalizia mtungi. Yachemshe nyumbani, yagandishe kwenye vifurushi.

Kaseti ya choo ina lita 18 hadi 20; kwa watu wanne ni siku moja na nusu, mbili mkitumia choo cha kambi. Imwage asubuhi ya mwisho kabla ya kuondoka kambini, pamoja na tangi la maji machafu, kwani kaseti ikirudi imejaa kampuni hukukata kwenye dhamana. Siku ya kuchukua gari piga video ya paa, kingo za chini, kioo cha mbele na vipimo vya dizeli na AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi wa dizeli).

Ukishatumiwa nakala ya kadi ya gari, weka hapa G, F.2 na 8.2 pamoja na kilo zenu, tuzikokotoe kabla hujalipa.